Njano ya Baba Watoto

Jumatatu, 3 Machi

Kumbe si ukuta! Tangu Baba Watoto apake chumba chetu rangi ya njano, kila nikimwambia macho yamebadilika ananijibu ni mwanga wa ukuta, hata wewe umekuwa njano. Fundi rangi mzima – nani angembishia? Leo mama mkwe kamtoa juani, kamtazama mara moja. Mwanangu, umeiva kama papai! Mbio hospitali.

Daktari anasema kijiwe kimeziba mrija wa nyongo. Ndiyo maana mkojo kama chai ya rangi, ngozi inamwasha, choo cheupe. Mgonjwa akamsahihisha: si cheupe, daktari, ni krimu. Daktari, mama wa watu, alicheka hadi akavua miwani.

Jumanne, 4 Machi

Homa. Anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Nyongo iliyotuama imeingia wadudu, wanasema. Naogopa sana.

Alhamisi, 6 Machi

Yu hai, na mdomo wake mzima! Jana walimpitishia mpira wenye kamera kooni, wakatoa usaha, wakaacha kamrija ka plastiki ndani. Asubuhi homa imeshuka. Neno lake la kwanza: nani alipaka dari hii? Kona zote kaziruka! Nikalia, nikacheka, nikalia tena.

Kijiwe bado kimo, kikubwa. Daktari anasema nyongo ikipita kwenye kamrija, choo kitarudi kahawia, naye atarudi nyumbani apate nguvu kwanza, kijiwe kitolewe baadaye. Isipopita, ni kisu, tena haraka, na mwili wenyewe huu dhaifu. Basi ukoo mzima tunasubiri choo cha mtu mmoja! Mama mkwe anapiga simu kila mara: kimekuja? Nami namjibu mbele ya wodi nzima, bado, mama. Haya yangu yote imekwisha.

Jumamosi, 8 Machi

Mkojo umeanza kuwa mwepesi. Hajikuni tena – usiku alikoroma, na sijawahi kuufurahia mkoromo wake kama jana.

Sasa hivi yuko chooni. Kitambo. Mama mkwe na mimi tuko mlangoni. Mkono wangu mmoja kaushika yeye, kaubana kwelikweli, mwingine naandikia, karatasi nimeibandika ukutani. Wauguzi wanapita wanatucheka. Wacheke.

Maji hayajamwagwa.

Bado hajatoka. Mungu wangu, afungue basi!

Ngoja – anapiga mluzi! Mama mkwe ananiuliza, huo ni mluzi wa heri? Kabla sijajibu ameuachia mkono wangu, anausukuma mlango –