Sweta la Chini Kabisa

Masaka, Kigali
Desemba 1994

Mpendwa baba Klodine,

Nimechoka, na nakwambia hivyo hata kabla ya salamu. Wiki hii tumerudi nyumbani kutoka Tanzania, mimi na binti yako. Paa lipo, milango imechukuliwa.

Unakumbuka jirani yetu alivyokucheka? Vita vilipoanza mwaka wa tisini, wenzako walipelekwa kaskazini na bunduki, wewe na kikosi chako cha ugavi mkabaki na malori. Zamani mlikuwa mkigawa blanketi na buti tu. Sasa ikawa maharage, kuni, mafuta na risasi, kila siku, barabara ya Byumba.

"Mwanajeshi gani huyo, vita yake iko na maharage?" aliuliza yule mama.

Ukamjibu huku unakunywa chai: "Siku moja wakose kula, utaona nani iko mwanajeshi."

Kazi hiyo uliileta mpaka chumbani. Nikifunga mzigo wa kwenda kwa mama, unaufungua na kuupanga upya. "Mama Klodine, kitu ya kwanza kutoka inaingia ya mwisho. Kule mbele hakuna muda ya kutafuta." Ulikuwa unaniudhi kweli.

Mwaka jana ulipanda lori asubuhi, ukaacha sweta kitini kwa sababu jua lilikuwa kali. Wenzako walikuta lori limeungua, wewe hawakukuona. Basi nikawa nakungoja.

Mauaji yalipoanza Aprili tukakimbia, nilipakia mfuko kama ulivyonifundisha. Sweta lako kwanza, chini kabisa, maana lingehitajika mwisho wa safari, utakapotukuta. Juu yake nguo, kisha unga, na juu kabisa sufuria, kiberiti na maji. Njiani watu walimwaga mizigo yao barabarani wakitafuta kikombe, watoto wanalia. Klodine alikunywa kabla hajalia. Nilikushukuru kwa sauti, watu wakanitazama.

Leo nimepakua mfuko wote. Nguo ziko kambani, sufuria iko motoni. Likabaki sweta. Safari imeisha, zamu yake imefika, na wewe hupo. Nililishika, nikalia kama ambavyo sikulia njia nzima.

Klodine amelichukua mikononi mwangu na kulivaa bila kuniuliza. Linamfika magotini. Nilitaka kumwambia alivue, ni la baba, atalihitaji akija.

Sikumwambia.

Kwaheri, baba Klodine. Maharage yanachemka, niende.

Mkeo,
Mama Klodine