Miguu Yao, Ulimi Wako

Mpendwa Baba,

Huko uliko sidhani kama kuna televisheni, na kama ipo basi haihitaji mtafsiri. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo ambalo Kasulu nzima inanipongeza kwalo, isipokuwa mama, na mimi mwenyewe moyo umekataa kutulia.

Unawakumbuka wacheza viatu wetu? Swali la kipuuzi. Majina ya wajukuu uliyachanganya, lakini wao hukuwachanganya kamwe. Ulizileta kanda zao kutoka Tanga ndani ya sanduku la nguo, ukafungua kibanda umiza cha kuonyeshea sinema hapa nyuma ya soko, na watu wakakucheka: nani huku milimani atakaa kutazama Wamarekani wa zamani wakigongagonga sakafu kwa viatu vyenye chuma chini ya soli? Walioingia kucheka walirudi kesho yake na jamaa zao.

Majina yao halisi hukuyajua, ukawabatiza mwenyewe, Mwislamu wewe. Fundi Cherehani, yule mwembamba ambaye miguu ilikwenda mbio huku uso umetulia kama mtu anayesubiri chai. Mapacha, waliocheza wakitazamana kama wanaogombea mpaka wa shamba. Bi Mkubwa wa gauni refu, aliyelizunguka jukwaa lote bila kuitazama sakafu hata mara moja. Na kipenzi changu, Mzee wa Kiti, aliyekuwa amezeeka hata kusimama kukamshinda, akacheza ameketi, mikono magotini, na ukumbi mzima ukamwinukia. Mpaka leo sijaona wanadamu waliobarikiwa miguu kama wale.

Kanda zilikuwa zimechakaa. Picha ipo, sauti karibu imekwisha, na masika mvua ikipiga bati hata hiyo iliyobaki haikusikika. Ndipo uliposhika maiki. Mazungumzo uliyatafsiri, nusu ukiyatunga, tulikujua. Miguu ilipoanza, nayo ukaitafsiri, kwa ulimi. Fundi Cherehani ulimpigia kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno, taka-taka-taka mpaka jasho linakutoka. Mzee wa Kiti ulimpigia taratibu, ndani kabisa kinywani, ukivuta pumzi kati ya mguu na mguu. Nilikua nikiamini viatu vya Marekani vinalia hivyo.

Nilipopata simu yangu ya kwanza nilikuomba nikurekodi. Ukacheka.

"Mdomo si huu hapa? Wa kuuweka akiba ni wa nini?"

Mwaka juzi ukatutoka, banda likabaki kwangu. Nimeweka televisheni kubwa na spika mpya. Mwezi uliopita nikawapata mtandaoni kwa simu, wote, wamesafishwa, na sauti yao kamili. Nilifunga mlango nikawatazama peke yangu. Baba, chuma kile kinaongea! Fundi Cherehani hana kasi pekee. Ana utani, anaanza jambo, analiacha, analirudia kwa kisigino. Mzee wa Kiti anaburuza soli mpaka unadhani ananong'ona. Nililia kwa furaha. Nikasema kwa sauti, "Kumbe!"

Hiyo kumbe ndiyo inayonichoma. Maana ndani yake kulikuwa na neno ambalo sikulitamka: kumbe ni wazuri zaidi bila wewe.

Siku ya soko nikawaonyesha watu. Banda lilifurika. Yule mteja wako wa Buhigwe, aliyekuwa hakosi, alinipiga bega akasema, "Sasa ndiyo tunaona sinema!" Nami nikacheka naye. Nilicheka, Baba. Mama alikuwa mlangoni na beseni lake la karanga. Akaingia, akasimama nyuma, akamsikiliza Mzee wa Kiti mpaka mwisho.

"Oya," akakataa kwa Kiha chake. "Huyo si yeye."

Akabeba beseni, akaenda nyumbani. Kuanzia hapo akawa anauzia karanga zake stendi. Nilimkasirikia, nikamwita mkaidi mbele ya watu. Mtu mzima anakataaje kitu kizuri?

Halafu wiki iliyopita, nachambua maharage, nikataka kukusikia. Nilijaribu kukurudisha kichwani mwangu, ukimpigia Mzee wa Kiti, taratibu, kama zamani. Kikaja chuma. Nikajaribu tena, chuma kile kile. Kikohozi chako ninacho, namna ulivyoniita ninayo. Ulimi ule umetoka masikioni mwangu, na niliyeufukuza ni mimi, kwa kutazama na kurudia na kutazama tena.

Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, nipigie Mzee wa Kiti. Vile baba alivyokuwa anampigia kwa ulimi."

Akaniangalia sana. Kisha akaiona simu mkononi mwangu, tayari kurekodi.

"Iweke mbali hiyo. Si ndiyo iliyokusahaulisha? Sikiliza na masikio."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaanza. Miaka yote ile pale mlangoni, kumbe alikuwa anashika kila kitu, mpaka mahali ulipovuta pumzi. Nilifumba macho nikakusubiri. Nikasubiri mpaka akamaliza. Ilikuwa imekamilika, haikupungua kitu, lakini ilikuwa sauti ya mama tu, na pengo lake la mbele linalopitisha upepo. Wewe hukuja.

Nilipofumbua macho alikuwa amenikodolea macho, uso umemng'aa kama bi harusi.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

Asubuhi yake akarudi mlangoni na beseni lake, anawatania wateja, na kila jioni anaimba kidogo akifagia. Mimi namtazama, nashindwa hata kula karanga zake.

Nisamehe, Baba. Na siku atakapokufuata huko, akikusimulia kwa furaha jinsi alivyokurudisha kwangu, tafadhali usimwambie.

Ni mimi,
binti yako uliyemwachia banda