Amplifaya yenye kifuniko cha dawa ya meno

Jumapili, saa tisa alasiri, Kahororo. Asubuhi mvua ilitoka ziwani ikatulowesha tukienda kanisani. Sasa jua limewaka na uani kila kitu kinatoa mvuke. Nimekaa kitandani na simu. Tangu nianze kuandika nimesimama mara nne, nimekwenda hadi mlangoni, nimerudi.

Sijui kama nina furaha au nina aibu. Nimefanya jambo leo mbele ya usharika mzima.

Nianze mwanzo.

Wanaosoma hapa wanajua mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Bakoba, na huu ni mwaka wa tisa naimba sauti ya pili kwenye kwaya. Kitu ambacho sijawahi kuandika ni kwamba miaka yote hiyo nimekuwa nikiimba huku nikimtazama mtu mmoja, Amosi, mpiga gitaa wetu la solo. Usinifikirie vibaya. Namtazama vidole. Baada ya mazoezi, wenzetu wakipanga viti, alikuwa ananipa gitaa kavu la kwaya na kunielekeza kidogo kidogo. Mwaka jana akasema kuna nyimbo ambazo nimeshampita. Alikuwa anatania, lakini si sana.

Amosi ni mwalimu wa shule ya msingi na amehamishiwa Songea. Gitaa lake la umeme anaondoka nalo. Mwalimu wa kwaya alipotangaza habari hiyo alisema anayetaka nafasi ya Amosi aje na vyombo vyake, gitaa na amplifaya, kwa sababu kwaya haina fungu. Aliyasema hayo akiwatazama vijana wa nyuma. Mimi niliinama nikaanza kutafuta kitu kwenye mkoba, kitu ambacho hata hakikuwemo.

Nikiri hapa, maana nikikiri kwingine nitaulizwa maswali. Sitaki nafasi ile ili kuisaidia kwaya. Nataka kupiga. Nataka ile sauti ndefu inayobaki hewani kidole kikishaachia uzi, na nataka itoke kwangu. Nina miaka arobaini na moja, binti yangu Asimwe yuko shule ya bweni, na sikumbuki lini nilinunua kitu kikubwa ambacho hakikuwa cha mtoto, cha nyumba au cha msiba.

Nilikuwa na laki tatu za sare za shule nilizoshona tangu Juni. Mume wangu yuko safarini na lori, nilimweleza kwa simu. Akasema ukipenda nunua, ila usije ukaniuliza habari za nyaya. Kwa laki tatu hupati gitaa zuri na amplifaya nzuri. Unachagua uumie wapi.

Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawasha. Mmoja anasema weka pesa yote kwenye gitaa, spika utanunua baadaye. Mwingine anasema gitaa la kawaida kwenye spika nzuri litakufaa kuliko gitaa zuri kwenye spika mbovu. Nikaandika orodha kwenye daftari la vipimo, katikati ya kiuno cha mteja mmoja na mabega ya mwingine. Tazama shingo kama imepinda. Bonyeza kila chuma cha shingoni, usikie kama kuna kinachokoroma. Zungusha vifungo vya sauti. Usinunue siku ya kwanza.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilikwenda Muleba na orodha yangu. Kule mwaloni kuna mchuuzi wa samaki anaitwa Masatu, mtu wa Ukerewe aliyehamahama visiwani miaka mingi. Zamani alipiga gitaa kwenye bendi ya wavuvi huko huko visiwani. Sasa ana meza za dagaa na mgongo unaomuuma, na nilisikia anauza gitaa lake. Alilitoa nyuma ya magunia, jekundu, limechubuka pale mkono unapoegemea. Akachomeka waya kwenye spika yake moja ndefu, akawasha jenereta, akanipa.

Nilipiga nyuzi tatu tu.

Orodha ilikuwa mfukoni na ilibaki mfukoni. Sikutazama shingo, sikubonyeza chochote. Sauti ilijaa ule mwalo mpaka kina mama wanaoanika dagaa wakageuka, na mimi nikatoa laki moja na themanini bila hata kuomba apunguze. Nilipouliza bei ya spika Masatu akacheka. Akasema hiyo haiuzi, hiyo ndiyo inayomliwaza jioni.

Nyumbani nilichomeka gitaa kwenye sabufa ya sebuleni. Ilitoka sauti kama bati linaburutwa kwenye changarawe. Nikapunguza, nikaongeza, nikabadilisha waya, na kote ilikuwa bati. Ndipo nikaelewa kosa langu. Nilipenda spika nikanunua gitaa. Uzuri nilioulipia Muleba ulikuwa umebaki Muleba.

Gitaa lenyewe si baya. Shingo imenyooka, nilitazama baadaye, kwa woga. Kasoro yake ni moja, linanuka dagaa. Paka wa jirani siku hizi analala mlangoni kwetu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Kimwani wiki mbili zilizopita na gunia la maharage, aliligundua chini ya kitanda changu siku ya pili baada ya mimi kulinunua, kwa kufuata harufu. Alilitazama, akanitazama mimi, akarudi kuchambua maharage yake. Hakuuliza, na ningeona nafuu kama angeuliza.

Ilibaki laki moja na ishirini ya amplifaya. Dukani mjini kuna moja mpya, ndogo kama mkate, inalia vizuri ukiwa umeinama mbele yake, lakini kanisani isingefika hata benchi la tatu. Pale Bakoba kuna fundi redio ameunda yake kwa mbao na spika ya gari. Ina nguvu, ila inanguruma hata usipogusa uzi, na ukishika chuma cha gitaa unahisi umeme unakutekenya. Wiki nzima nilikuwa nachagua kati ya kutosikika na kurushwa. Nilishona zipu mbili nyuma mbele.

Na hapa kuna jambo linaloniuma zaidi. Kabla sijaenda Muleba, Amosi aliniuliza kama nina mpango na amplifaya yake, maana ni nzito na Songea ni mbali. Hiyo amplifaya naijua kuliko ninavyojua cherehani yangu. Kona moja imeliwa na panya, na kifungo cha sauti kilishapotea, mahali pake kuna kifuniko cha dawa ya meno. Miaka tisa nimesimama mbele ya sauti yake. Nikamjibu kwamba nitafikiri. Niliona nikisema ndiyo atajua nataka nafasi yake, na watu wote watajua. Kwa hiyo nikafikiri.

Ijumaa hii nikamaliza kufikiri nikaenda kwake na pesa mkononi. Alisikitika kweli. Mkewe alijifungua salama baada ya mashaka mengi, na alikuwa ameahidi kutoa sadaka ya shukrani. Jina la amplifaya lilikuwa limeshaandikwa kwa mzee wa kanisa. Akasema hawezi kumnyang'anya Mungu, lakini njoo mnadani.

Mnada wetu baada ya ibada kila mtu anaujua. Asiye na pesa analeta alichonacho, mkungu wa ndizi, kuku, mayai, kahawa, na wakati huu wa mvua hata kopo la senene, panzi wa kukaanga. Wenye pesa wananunua. Ila mtu mkubwa hanunui akaondoka na kitu. Ananunua akampa mama mchungaji, au mgeni, au anasema kirudi mnadani kiuzwe tena. Nimeona jogoo mmoja akiuzwa mara nne na jioni bado yuko kanisani.

Leo kulikuwa na bwana mmoja amekuja likizo kutoka Dar, anafanya biashara huko. Alinunua mkungu akampa mchungaji, akanunua kuku akamrudisha, watu wakapiga vigelegele. Kisha Ta Elieza, mzee wa kanisa anayeendesha mnada, akainua amplifaya ya Amosi kwa mikono miwili na kuiweka mezani kati ya mayai na parachichi.

Elfu thelathini, akasema bwana wa Dar. Nikanyoosha mkono, arobaini. Watu wakageuka. Hamsini, sitini. Nilikuwa nimesimama na sikumbuki kusimama. Kwenye tisini mwalimu wa kwaya alianza kutabasamu, na wenzangu wa sauti ya pili wakaanza kunipigia makofi. Nikasema laki. Yule bwana akanitazama vizuri, akacheka kwa upole, akanyanyua mikono yote miwili kuniachia.

Aliniachia kwa sababu alidhani tunaelekea mahali pamoja. Nililijua hilo pale pale. Angejua ninakoelekea mimi asingeacha, angeongeza hadi mwisho na sasa hivi amplifaya ingekuwa ndani ya stoo ya kwaya, ambayo ufunguo wake anakaa nao mwenyekiti na inafunguliwa Jumamosi na Jumapili peke yake. Mimi na gitaa langu la dagaa tungebaki na sabufa. Nilijua, na nilinyamaza mpaka mzee akahesabu mara ya tatu.

"Mama Asimwe," Ta Elieza akasema, "unamkabidhi nani?"

Hakuwa anauliza. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshapiga hatua mbili kuja kuipokea.

"Naondoka nayo," nikasema.

Akadhani sijamaliza. Akangoja. Nyuma kuna mtu alicheka kidogo kisha akaacha. Mwalimu wa kwaya alisimama pale alipofika na mikono yake ikiwa imenyooshwa nusu. Bwana wa Dar alitazama viatu vyake, na mimi nikaona uso wangu unawaka mpaka masikioni. Ningeweza kusema ninaitaka kwa ajili ya kupiga hapa hapa kwenye kwaya, na ingekuwa kweli, na wangepiga makofi. Lakini sikutaka kuifunika. Nikasema tena kwamba ni yangu, naenda nayo nyumbani. Nikalipa kwa mhazini, nikaita bodaboda.

Mama mkwe alikuwa benchi la mbele. Alinunua kopo lake la senene, akapanda pikipiki nyingine. Yuko uani anakula senene mmoja mmoja.

Tangu hapo najiuliza. Je, nimemwibia Mungu? Pesa nimetoa, nyingi kuliko zangu za kawaida. Sikusema uongo. Lakini niliwaacha waniwazie wema ambao sikuwa nao, na kwa huo wema nikapata bei. Hilo siwezi kuliosha kwa maneno. Nimefikiria hata kumtafuta yule bwana nimwambie. Nimwambie nini sasa, kwamba angeendelea?

Nimesimama tena. Nimekwenda sebuleni.

Nimerudi, ni saa kumi na nusu. Niandike haraka kabla moyo haujapoa.

Nilichomeka. Nilipangusa gitaa kwa kitambaa chenye ndimu, nikakishika kile kifuniko cha dawa ya meno kwa vidole viwili na kukizungusha polepole kama nilivyomwona Amosi akifanya. Nikapiga uzi mmoja. Ilikuwa ni ile ile. Sauti niliyosimama mbele yake miaka tisa ilikuwa sebuleni kwangu, inatoka mkononi kwangu, vyombo kabatini vinatetemeka. Nikapiga utangulizi wa wimbo wetu wa Jumapili ya mavuno, nikakosea katikati, nikaurudia. Nililia kidogo na sikuacha kupiga.

Nilipoinua kichwa mama mkwe alikuwa mlangoni na kopo lake.

"Punguza," akasema. "Kuku wanahangaika."

Nikapunguza. Hakuondoka. Alikuja akaigusa amplifaya kwenye ile kona iliyoliwa na panya, akaipima kwa macho, akakaa kwenye kochi na kuniambia niendelee. Nikaendelea. Baada ya muda akasema, huku akitafuna na bila kunitazama:

"Wakija kuiomba, waambie ni ya kwangu."

Moyo ulinijaa. Hakuna mtu Kahororo nzima atakayekuja kubishana na bibi wa Kimwani mwenye miaka sabini na minne. Ni ukuta mzuri sana alionipa, na ningekaa nyuma yake kwa raha mpaka uzee wangu.

Nikamshukuru kwa Kihaya, kasinge waitu. Akaitikia kwa kichwa, akanimiminia senene kiganjani.

Lakini nimerudi hapa kitandani na bado sijatulia. Jumamosi kuna mazoezi. Nitaifunga kwenye bodaboda, nitaishusha mbele ya mwalimu wa kwaya, nitapiga mbele ya wote, na kama watanipa nafasi au watanionyesha mlango sijui. Mazoezi yakiisha nitaifunga tena nirudi nayo. Kila Jumamosi, kwenda na kurudi, hata mvua inyeshe.

Na wakija kuiomba, sitasema ni ya mama mkwe. Nimeshalisema mara mbili leo na sikufa. La tatu litakuwa jepesi zaidi.

Ni yangu.