Wimbo wa Mavuno Kwenye Kompyuta ya Ndani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nikajikuta nimesimamisha kalamu kungoja marahaba yako. Basi tuseme nimeisikia, tuendelee.

Unaikumbuka kompyuta yako? Uliinunua Dongobesh ikiwa imeshatumika, ukasafiri nayo hadi nyumbani Hirbadaw umeipakata, imeviringishwa kwenye blanketi zuri la Mama. Mama alinuna wiki nzima, na wala si kwa sababu ya kompyuta. Wewe mwalimu wa kwaya, uliyezoea kuandika nota kwa penseli, ukaanza kuziandika kwa kidole kimoja. Kile kilima cha kijani kwenye kioo ulisema ni malisho ya Gehandu, siku moja kabla ng'ombe hawajapita. Saa yake nayo uliirudisha nyuma saa sita, ili asubuhi isome saa mbili kama watu wanavyosema. Niliporudi likizo nikairekebisha, kwa kujidai kwangu kote. Ukaniambia, "Huyu anaishi kwangu, atasema saa za hapa." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Radi iliipiga masika ya kwanza baada ya kukuzika. Ilipona diski tu, nikaificha ndani ya soksi yako kabatini.

Sasa Jumapili ijayo ni sikukuu ya mavuno, na kwaya wanautaka wimbo wako. Karatasi zililiwa na panya, na wanaoimba besi siku hizi ni vijana ambao hawakukukuta. Mama Paulina, mwenyekiti wao, alikuja mwenyewe. "Binti wa mwalimu, tukikosa hizo nota tutaimba tena nyimbo za watu wengine." Nikaona aibu. Nilikuwa nimekaa na ile diski miaka minne bila kuigusa. Niliogopa, Baba. Kama ingekuwa imekufa, ningekuwa nimekuzika mara ya pili.

Haikuwa imekufa, ila laptop yangu ilikataa kabisa programu yako ya nota, ni ya kizamani mno. Basi nikatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Ipo programu ya kufanya hivyo: unaigawia sehemu ya nguvu za laptop, nayo inajifanya mashine nyingine. Ukiiwekea ule mfumo wa zamani wa kwenye diski, mfumo wenyewe unaamka bila kujua kwamba umelala kwa mwenyeji. Nilipambana nayo siku tatu. Inagoma, naanza upya, inagoma tena.

Jumamosi saa nane mchana, kwenye dirisha dogo katikati ya kioo changu, kikatokea kilima cha Gehandu. Nililia. Mafaili yako yalikuwa palepale ulipoyaacha. Saa yake ilikuwa imefuata ya laptop, nikairudisha nyuma saa sita kabla ya kugusa kitu kingine.

Nikafungua wimbo wa mavuno. Mistari minne ya sauti. Mitatu imejaa nota, na wa nne, wa besi, mtupu. Besi uliiimba mwenyewe, wenzako wakakufuata kwa sikio, ya nini ujisumbue kuiandika! Sitakuficha, nilikukasirikia.

Nikabonyeza icheze, angalau nizisikie hizo tatu. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Unamjua, hajawahi kuingia kwaya hata siku moja, husema Mungu alimnyima sauti. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio nikasikia mtu anaimba chinichini. Alikuwa ni yeye, anaimba besi yako, mikono bado iko kwenye maharage. Nikausimamisha wimbo. Akainamia maharage kama aliyefumaniwa.

"Mama, umeijulia wapi hiyo?"

"Aliiimba zizini kila asubuhi akifungulia ng'ombe. Ningejificha wapi?"

Nikamsogezea kiti mezani. Akawa anaimba kipande, mimi naandika, anarudia, mimi nafuta. Kidogo kidogo ule mstari ukajaa. Jumatano tunakwenda naye mazoezini akawafundishe wale vijana, na tayari ananiuliza avae nini. Nimekukumbuka sana, Baba, lakini siku hiyo nilikukumbuka nikiwa na furaha.

Karibu na mwisho wa wimbo niliandika nota moja, Mama akanishika mkono.

"Hapo usiweke kitu. Baba yako hapo alikuwa anavuta pumzi."

Nikaifuta ile nota, nikaweka alama ya pumzi yako.

Ulale salama.

Binti yako