Jiwe Nililolirudisha Mtaroni

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, alasiri. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa mbili, na sasa kuna jua la kinafiki juu ya ziwa. Nimeoga mara mbili. Bado najisikia mchafu, na matope si sababu.

Leo nimejionea kinyaa. Niandike hilo kwanza, mengine yafuate.

Asubuhi ilikuwa umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa wetu ulipangiwa kuzibua mtaro unaoshuka kuelekea ziwani. Mvua ilikuwa imesukuma jiwe jeusi la volkano mpaka katikati ya mtaro, maji yakawa yanamwagika barabarani. Wanaume wakalizunguka. Mmoja akasema iletwe sururu, mwingine akasema livunjwe, wa tatu akatoa simu. Walikuwa wanaliangalia kama mgonjwa ambaye daktari wake hajafika.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kunyanyua vyuma miaka miwili iliyopita kwa sababu mgongo uliniuma kwa kushinda nimeinamia vitambaa. Siku tatu kwa wiki, kabla ya kufungua duka. Sasa nanyanyua kilo tisini kutoka chini, na mgongo umenyamaza. Jiwe lile halikufika hata sabini. Nikashuka mtaroni, nikachuchumaa, nikalikumbatia, nikasimama nalo.

Wanawake wakashangilia. Jirani yangu Mama Aline akasema, "We mutoto, uko mwanamuke ao kamyo?" Nami, lori lenyewe, nilikuwa nacheka, jiwe kifuani. Ndipo Fabrice akanisogelea.

Fabrice ni mchumba wangu. Baada ya wiki tatu wazee wake wanakuja kwetu kuniposa rasmi, na baba yake mdogo, atakayesema kwa niaba ya ukoo, alifika jana kutoka Nyamyumba. Alikuwa pale pale, amevaa buti za kuazima, ameegemea jembe, macho yake kwenye mikono yangu.

Fabrice akaninong'oneza: "Weka chini, chérie. Baba mudogo iko anaangalia."

Nikaliweka.

Si ukingoni. Ukingo ulikuwa hatua moja tu mbele yangu. Nililirudisha mtaroni, pale pale nilipolitoa, kisha nikajishika kiuno na kusema limenishinda. Uongo mtupu, na nikautilia na kuhema kidogo ili unoge.

Wanaume wanne, wakisaidiwa na mti mrefu, waliliondoa baada ya karibu nusu saa. Baba mdogo akaniambia, kwa upole kabisa, "Bon, mama, we shika fagio. Nguvu ya mwanamuke iko mu roho." Nikashika fagio. Kwenye mkutano baada ya kazi, kiongozi wa mtaa aliwashukuru wale wanne mmoja mmoja kwa majina.

Nami nikapiga makofi.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba Fabrice anajua kila kitu. Ndiye anayenirekodi nikifanya mazoezi, ndiye anayewaonyesha wenzake wa bandarini Rubona na kujigamba. Kumbe nguvu zangu ni za kwenye simu yake tu. Mbele ya ukoo zinafichwa kama nguo ya ndani kwenye kamba ya kuanikia.

Na baba mdogo naye. Mama yangu alibeba magunia ya viazi mgongoni kutoka Busasamana miaka yote niliyokuwa shuleni, mpaka shingo ikapinda. Hakuna mzee aliyemwambia ashike fagio. Mwanamke akibeba mzigo wa watu, anasifiwa ni mchapakazi. Akibeba chuma kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, ameota ndevu.

Lakini niseme ukweli: hakuna aliyenishika mikono. Mnong'ono mmoja ulitosha. Miaka miwili nimekuwa nikijisifu kwamba najenga mgongo.

Saa nane Fabrice ameniandikia: "Asante, umenipa heshima. Baba mudogo anasema uko mupole. Akiuliza juu ya sport, sema ni ya kupunguza mafuta tu." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, nikajibu "sawa", kisha nikaenda kuoga tena.

Nampenda. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalonitia hofu. Kama nimeweza kuigiza unyonge mtaroni kwa dakika moja, nitauigiza miaka mingapi chini ya paa lake?

Kesho baada ya misa, baba mdogo anakuja kwetu kula, na Fabrice ndiye atakayemleta. Sitasubiri aniulize. Nitamwambia mwenyewe, mezani, chakula kikiwa bado cha moto: nanyanyua kilo tisini, jiwe halikunishinda, na mazoezi siyaachi. Nikisema hivyo sitamwangalia mzee. Nitamwangalia Fabrice. Akiinamia sahani yake, basi nimejua, na ng'ombe wao wa mahari wabaki kwao.