Skrini Ilisema Yupo

Jumatatu, 4 Machi

Mafuriko yamepungua, kaka bado hajaonekana. Simu yake haipatikani. Kazini bosi kataka ukurasa wa kutafuta walioandikishwa kambini — leo leo! Nimeuandika mbiombio huku roho iko mkononi. Unaandika jina, programu inatafuta kwenye orodha. Mistari iliyopatikana ikiwa sifuri, inajibu "Hayupo". La sivyo, "Yupo". Nimejaribu jina moja lililomo. Yupo. Tukapiga makofi, ukaenda hewani.

Jumanne, 5 Machi

Sikuvumilia, nimeandika jina la kaka. YUPO! Nimepiga kelele mpaka mlinzi kaja mbio. Mama kwenye simu alilia tu. Wifi anasema akimtia mkononi atamgombeza kwanza, kumkumbatia baadaye. Nimerudi nyumbani nimemkuta mama anapiga pasi lile shati la bluu la kaka. Anaimba! Ee Mungu, asante.

Jumatano, 6 Machi

Mama na wifi wametoka alfajiri kwenda kambini. Shati wamelikunja vizuri mfukoni.

Saa nne karani wa kambi kampigia bosi, analalamika: mnatuletea watu ambao jamaa zao hatunao. Nikasema wamekosea majina. Profesa — ndivyo tunavyomwita jirani yangu wa dawati — akaandika jina la paka wake. Yupo! Akaandika "kijiko". Yupo! Ofisi nzima ikacheka. Mimi nikafungua programu niisome upya.

Nimeona kosa. Naiuliza programu idadi ya mistari kabla haijaisoma orodha. Ikiwa haijui bado, inarudisha hasi moja. Hasi moja si sifuri. Basi kila mtu yupo! Kila aliyeuliza tangu juzi tumemwambia yupo. Mimi ndiye niliyewaambia.

Nimerekebisha, sasa inahesabu kweli. Paka hayupo. Kijiko hakipo. Nimeandika jina la kaka. Sifuri. Nikatanguliza jina la baba. Sifuri. Nikaandika lile la utotoni — mjinga mimi, nani angemwandikisha hivyo? Sifuri.

Mama kapiga. Wamefika getini, karani hamwoni kaka kwenye orodha. "Nimemwambia atafute vizuri, aliyetengeneza hiyo mashine ni mwanangu. Hebu ongea naye, mama."

Nimesema subiri kidogo. Simu nimeilaza hapa kando ya daftari. Sijaikata, siwezi. Mama anamweleza karani kuhusu shati, na wifi anaita, "Haloo? Wifi, upo?"