Hatua Tatu Ndani ya Faili

Shoga, weka mwiko chini usome. Nimetoka sasa hivi kwa wale watu wa usalama.

Afisa kafungua faili la kikundi chetu cha kusoma katiba. Kila kikao kimo. Akanisomea taratibu: “Katibu akiwa anaandika muhtasari, mwanawe aliachia kiti, akapiga hatua tatu, akaanguka.”

Hatua tatu!

Katibu ndiye mimi; nilikuwa nimeinamia daftari, sikuona. Si nilikupigia Jumapili nikikwambia mtoto katembea? Kumbe alitembea Alhamisi, serikali ikajua kabla ya mama yake.

Nikamuuliza, “Hilo nalo ni kosa?”
Akatabasamu. “Hapana, mama. Hongera.”

Eti hongera.

Sasa sikia. Kule nyuma, kwenye mkeka wa watoto, huwa kuna mtu mzima mmoja tu: Bibi Pipi, anayetushikia watoto ili tusome. Aliona, akaenda kuwaambia wao. Mimi hakuniambia.

Kikao ni kesho na nitakwenda, siachi. Bibi Pipi atanyoosha mikono kama kawaida, na mtoto atataka kumrukia, maana anampenda kweli. Nitampakata mwenyewe, niandike kwa mkono mmoja.